Barua ya kustaafu haifiki ziwani

Mei 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15. Lengo lilikuwa kuwapa samaki na dagaa nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia.

Katika nyumba moja ya Ujiji, agizo hilo lilifanikisha jambo ambalo mke, watoto na wahudumu wa afya walikuwa wamelishindwa kwa miaka. Lilimfanya baba mwenye nyumba alale kwake usiku.

Alikuwa na miaka 67. Ziwani aliingia akiwa na miaka 14, enzi ambazo dagaa walivuliwa kwa mwanga wa karabai. Siku hizi kipe chake kina injini na taa za betri, lakini kazi ni ile ile. Mnatoka mwaloni Kibirizi jioni, mnawasha taa, mnasubiri dagaa wakusanyike chini ya mwanga, mnavuta wavu, mnasubiri tena. Mnarudi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama kwa siku kadhaa, kwa sababu taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake kwa zaidi ya miaka 50.

Wiki ya kwanza baada ya ziwa kufungwa hakupata usingizi. Saa saba usiku mkewe alimkuta ameketi barazani na koti lake la ziwani, akisikiliza upepo. Wiki ya pili alishona nyavu zote, hata zile zisizo na tundu. Wiki ya tatu akaanza kugombana na kuku.

Aliyekuwa akimpoza ni rafiki yake wa utotoni, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mwaka 2017. Huyu huja barazani kila siku baada ya sala ya alasiri. Walizaliwa mwaka mmoja, wakacheza pwani moja, lakini uzee umewakuta katika njia mbili tofauti.

Kwa mtumishi wa umma mambo yako wazi. Akifikisha miaka 55 anaweza kustaafu kwa hiari. Akifikisha 60 ni lazima. Barua inaandikwa, tarehe inajulikana miaka mingi kabla, analipwa mkupuo, kisha pensheni inaingia kila mwezi.

"Mimi sikuamua," mwalimu humwambia. "Ningeachiwa, hadi leo ningekuwa nimeshika chaki. Siku ile nililia. Lakini barua ilikuwa imeshaamua."

Mvuvi hana wa kumwandikia barua. Vivyo hivyo mama anayeanika dagaa, mkulima wa michikichi, fundi cherehani na mwenye kibanda cha chai. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hakuna mpango kama huo kwa wazee wote. Mfuko wa NSSF hupokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri, wavuvi wakiwemo, lakini mzee huyu alipokuwa na nguvu za kuchangia hakuna aliyemweleza. Alipoelezwa, fedha zilikuwa zinasomesha watoto wanne.

Kwa hiyo swali la kuacha au kuendelea lilibaki bila mwenyewe. Watoto walimwambia "Baba pumzika" kwenye simu, naye akajibu "Nitapumzika kaburini", mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Kilichobadilisha mambo ni pakiti ya dawa.

Mzee ana presha, na amepewa dawa za aina mbili za kumeza kila siku. Mwezi Juni, kwa mara ya kwanza, dawa hizo ziliisha kwa wakati. Mkewe alishangaa. Miezi yote iliyotangulia, siku ya kwenda zahanati ilipofika, vidonge vya aina moja vilikuwa vimebaki nusu. Alimuuliza mara moja, kwa upole, akakaa kimya kusubiri jibu.

Mzee akasema. Kidonge kile kilimpeleka haja ndogo mara kwa mara. Ndani ya kipe kuna vijana watano, wengine ni umri wa wajukuu zake. Kila anaposimama ukingoni gizani, miguu haina uhakika, na maji chini yake hayana mwisho. Ziwa Tanganyika, penye kina kirefu zaidi, lina takriban mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Kwa hiyo siku za kazi alikiruka kidonge. Na siku za kazi zilikuwa karibu zote.

Kwenye zahanati, muuguzi alimpima akakuta presha imeshuka kuliko alivyowahi kuiona kwake kwa muda mrefu. Hakumgombeza.

"Mzee wangu, ungesema tu," alimwambia. "Dawa ile inatoa maji na chumvi mwilini, ndiyo maana unakwenda haja. Daktari anaweza kukupangia saa nyingine ya kumeza, au akakubadilishia dawa. Lakini kuruka leo na kumeza kesho ndiko kunakoleta kiharusi, na presha haikupigii hodi."

Mkewe alirudi nyumbani na swali jipya. Alichokuwa akiogopa ni dhoruba. Kumbe hatari ilikuwa inalala kitandani kwake, ndani ya pakiti.

Mwezi Julai aliitisha kikao cha familia. Binti mkubwa, mwalimu wa Kasulu, alikuja na basi la asubuhi. Kaka yake, fundi magari wa Mwanga, alifika na pikipiki. Mwenye duka Dar es Salaam aliwekwa kwenye simu, sauti ikafunguliwa. Kitinda mimba, anayesoma chuo Tabora, naye aliingia kwa simu. Mpwa wa mzee, aliyekuwa naye kwenye kipe kwa miaka 12, alikaa karibu na mlango kama mtu asiyejua kama ameitwa au amejileta.

Watoto walianza kwa wimbo uleule. Baba umechoka. Baba umetulea, sasa pumzika. Mzee akawasikiliza, kisha akawauliza kwa nini Liemba haijapumzika.

Kwa mtu wa Kigoma, hiyo si hoja ndogo. Meli ya MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Imevuka miaka 100, na kila ikisemwa imezeeka watu hurudi kuitengeneza.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Liemba Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Wewe ukizama, nani atakuibua?"

Watu walicheka, mzee akiwemo. Lakini mama hakuwa amemaliza, na sasa aliwageukia watoto.

"Na nyie mnaosema baba akae. Mmeketi mkahesabu?"

Akafungua daftari. Ada ya kitinda mimba, miaka miwili iliyobaki. Mkopo wa injini kwenye kikoba, marejesho saba. Dawa, bima, umeme, unga. Pembeni aliandika kile kipe kilicholeta katika mwezi wa wastani, baada ya mafuta na mgao wa wavuvi, na kile yeye mwenyewe alichopata kwa dagaa wa kuanika. Kisha akauliza swali moja: baba akiacha, mstari huu wa kipe ataujaza nani?

Simu ya Dar es Salaam ilikaa kimya hadi fundi magari akadhani mtandao umekatika.

Hapo ndipo familia nyingi huishia. Kumwambia mzazi apumzike hakuna gharama, na ni rahisi kukuita upendo. Kuuliza pumziko lake litalipwa na nani ni mazungumzo mengine, yanayogusa mifuko na kufichua nani ana kiasi gani na nani hana. Mzazi anayejua kwamba kapu litapungua akikaa, na kwamba hakuna aliyesema atalijaza, ataendelea kwenda. Huenda si mkaidi. Amepiga hesabu ambayo watoto hawajaipiga.

Kikao kilichukua siku nzima, kwa mapumziko ya sala na ugali wa muhogo kwa mgebuka. Kwanza walitenganisha mambo yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Kuwa na kipe ni jambo moja, kulala ziwani ni jambo jingine. Mzee anajua kusoma maji, kushona wavu, kusikiliza injini ikiumwa, na kujadiliana bei na wachuuzi alfajiri. Kati ya hayo, ni lipi linahitaji kusimama ukingoni saa nane usiku?

Ilipofika hapo mzee alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo watoto hawakulitarajia. Hakuwa anaogopa kukosa fedha peke yake. Alikuwa anaogopa kuketi barazani na kuwa mtu wa kuulizwa kama amekula.

Binti mwalimu alichukua karatasi. Kwa utani kidogo akaandika juu yake: BARUA YA KUSTAAFU. Chini yake aliandika kwamba kuanzia Septemba mosi baba halali tena ziwani. Kipe kinabaki mali yake. Mpwa anakuwa nahodha, na mgao wake unaongezeka. Baba atakuwa mwaloni kila alfajiri kupokea mzigo na kusimamia mauzo, na mchana atashughulikia nyavu na injini. Wavuvi wote watavaa jaketi okozi. Ada ya mdogo wao itachangiwa na wakubwa watatu, kila mmoja kwa kiasi alichokitaja mwenyewe mbele ya wenzake. Fundi magari alitaja kidogo kuliko wote, na hakuna aliyemwangalia vibaya.

Mzee alikubali, ila akaomba kiongezwe kifungu kimoja: isipokuwa nahodha akiumwa. Kikaongezwa. Watoto wakasaini. Mpwa akasaini. Mzee akasaini. Mama akasema atasaini baadaye.

Agosti 15 ziwa lilifunguliwa, mwezi ukiwa umebakiza siku nne kuwa mpevu. Wengine waliingia hivyo hivyo. Kipe cha mzee kilisubiri giza. Kilipotoka kwa mara ya kwanza bila yeye, alikisukuma hadi maji yakamfika magotini, akabaki pale mpaka taa zikawa nukta. Usiku ule hakulala. Alfajiri alikuwa mwaloni kabla ya wachuuzi.

Septemba mapato yalipungua kidogo. Mpwa alikosea kuchagua mahali siku mbili tatu, na mzee alijizuia kumwambia mbele ya watu. Alimwambia wakishona wavu, wawili peke yao. Dawa alimeza kila siku. Daktari alikuwa amembadilishia ile moja.

Kisha Oktoba, katika giza la mwanzo wa mwezi, mpwa akaugua malaria. Mzee alichukua koti lake la ziwani na kuonyesha kifungu. Mkewe hakubishana. Alimpa jaketi okozi, akarudi ndani, akafunga mlango.

Walirudi salama asubuhi, na dagaa wa kutosha. Mama alipokea ndoo zake akaenda kuanika bila kusema neno. Mzee alimfuata hadi kwenye chanja, akaketi mchangani, akaanza kumsimulia.

Wakati wa kuvuta wavu alishika nafasi yake ya siku zote. Alivuta mara mbili, mikono ikatetemeka. Akatazama pembeni akaona vijana wawili wamejipanga kulia na kushoto kwake, wamebeba uzito wote, na kamba mkononi mwake imelegea. Hawakuwa wanamtazama. Walifanya kama watu waliozoea.

Akawauliza, "Hata mwaka jana mlikuwa mnanivutia?"

Hakuna aliyejibu. Mmoja alisema, "Babu, angalia taa ile inafifia," na wote wakageukia taa.

Mkewe aliendelea kutandaza dagaa. Baada ya muda alisema, "Walikuheshimu."

"Walinificha," mzee akasema. Halafu, "Ndiyo. Waliniheshimu."

Leo kuna nyumba nyingi zenye mzazi wa namna hii, ziwani, sokoni, shambani au nyuma ya usukani. Huenda tayari kuna watu wanaombebea uzito kimyakimya, naye hajui, au anajua na anaona aibu kusema. Wa kumwandikia barua ni familia yake, na barua hiyo haiandikwi kwa simu ya dakika mbili. Inahitaji daftari la mapato, kadi ya zahanati mezani, na mzee mwenyewe akiwa ameshika kalamu. Itaje tarehe, itaje atakachoendelea kufanya, na itaje nani atalipa nini.

Jioni ile mzee alimwomba mjukuu amletee ile karatasi iliyokuwa imebandikwa nyuma ya mlango. Akapiga mstari juu ya kifungu chake cha mwisho, taratibu, akitumia ubao wa kushonea wavu kuunyoosha. Akaandika pembeni kwamba nahodha akiumwa, kipe hakitoki.

Mkewe aliisoma mara mbili. Kisha akamwomba kalamu.