Santuri ya Tatu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Dar es Salaam aliombwa na mjukuu wake ataje santuri tatu alizozipenda kuliko zote katika miaka ya 1980. Kazi ilionekana nyepesi. Kijana alishika kalamu, na mzee akaanza bila ya kusita na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978. Santuri yake ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, ilipata nafasi ya kwanza. Ilirekodiwa Uingereza, ikapewa jina la Kiingereza, na mnyonge aliyeimbwa ndani yake aghalabu hakuwa na chombo cha kuichezea. Mwalimu mwenyewe aliisikia kwanza katika kaseti ya kunakiliwa.

Ya pili ilikuwa Mario ya Franco, ya mwaka 1985. Kilingala chake kilimpita mwalimu, lakini kisa cha kijana anayelishwa na kuvishwa na mwanamke mwenye mali hakikuhitaji mkalimani. Kila mtaa ulikuwa na Mario wake. Mjukuu alipendekeza Graceland ya Paul Simon, ya mwaka 1986. Mzee aliusifu uimbaji wa Ladysmith Black Mambazo, lakini hakusahau kwamba kazi ile ilianzia Johannesburg wakati wa vikwazo dhidi ya utawala wa ubaguzi. Akaipita.

Hapo kalamu ilisimama. Penzi lake kubwa lilikuwa Mlimani Park, wana Sikinde, bendi iliyozaliwa mwaka 1978. Na santuri yao hakuwahi kuishika mkononi katika miaka ile yote. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikabaki katika kanda za redio, na msikilizaji akazingoja hewani kama mkulima angojavyo mvua. Mwenye kupima muziki wa nchi ile kwa santuri zake hupima kisima kwa kijiko. Santuri iitwayo Sikinde, iliyokusanya rekodi zao za wakati ule, ilitolewa Marekani mwaka 1994.

"Basi, babu, hiyo ni ya miaka ya 1990," alisema mjukuu, na kwa hesabu ya kalenda alikuwa na haki.

Mzee aliinuka, akarudi na kaseti iliyofutika maandishi. Aliinasa zamani kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio. Wimbo wa Neema umo, umekatika mwanzo. Na magita yanapoanza kuchangamka, inasikika sauti ya mwanamke nyuma yake akiwaita watoto waje kula.

"Huyo ni bibi?" aliuliza kijana, aliyezaliwa baada ya mazishi yake.

Mzee aliuacha wimbo ufike mwisho. Kisha akamwambia aandike kaseti hiyo kuwa ya tatu, na mahali pa mwaka apaache wazi.