Guangzhou: Simu ikizima na wewe umezima

Jamani, ukisikia mshikaji wako yuko China usidhani anakula kuku kwa mrija. Mimi nimefika Guangzhou, nikajionea.

Nilifikia kwa kaka mmoja wa Kibongo aliyepanga chumba Xiaobei, jirani na jengo la Tianxiu ambako Waafrika wengi hununua mizigo. Hata begi sijafungua, kaka akauliza: "Pasipoti iko wapi? Twende polisi." Nikashtuka, nimeiba nini tena? Kumbe ukilala hotelini, mapokezi ndio wanakuandikisha. Ukilala kwa mtu, unatakiwa ukaandikishwe polisi ndani ya saa 24. Ukipuuza, faini inaweza kufika yuan 2,000. Na viza ikiisha ukaendelea kujibanza, ni yuan 500 kwa siku mpaka zifike 10,000, au lupango siku 5 hadi 15. Mchezo?

Asubuhi nikatoka na noti yangu kununua tambi. Mwenye kibanda akanionyesha karatasi yenye mraba wa vidoti: lipa kwa simu. Yangu imezima chaji! Noti aliipokea, lakini chenji hana, akaenda kuomba kwa jirani huku foleni inaninung'unikia. Kaka akacheka: "Mdogo wangu, hapa simu ikizima na wewe umezima." WhatsApp haifunguki hivi hivi, wenyewe wana WeChat, wanachati na kulipa humo humo.

Jioni tukaenda mgahawani. Ikaja birika ya chai, nikamimina kwenye kikombe, nikanywa. Meza nzima kicheko! Kumbe kwa watu wa Guangzhou chai ya kwanza ni ya kusuuzia vikombe, bakuli na vijiti.

Kicheko kilipoisha nikamuuliza kaka kama ameshazoea. Akanyamaza kidogo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, hata wenye karatasi safi. Tangu hapo ile karatasi ya polisi haimtoki mfukoni.

"Sasa kaka, si urudi nyumbani?"

"Ada ya watoto inatoka hapa hapa, mdogo wangu."

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo wewe unayepanga kufuata mzigo, chaji simu, wahi polisi, na chai ya kwanza usinywe. Tukutane wiki ijayo!