Rangi ya Nyoka Isitudanganye



Wazazi wetu watukufu na wanafunzi wapenzi, mvua zikianza huku kwetu mashariki mwa Uganda, kutoka Jinja hadi miteremko ya mlima Elgon juu ya Mbale, nyoka nao hutafuta pakavu, na pakavu penyewe mara nyingi ni majumbani mwetu. Hapo swali huwa moja: huyu ni nyoka gani? Na jibu hutolewa upesi kwa kutazama rangi. Mweusi ni swila, wa kahawia ni kifutu, wa kijani hata haulizwi. Leo tunapenda kueleza kwa nini jibu la rangi peke yake halitoshi, na kwamba laweza kumwua mnyama asiye na kosa, au kumwua mtu.

Likizo moja tuliwapeleka vijana wa madrasa yetu ya Jinja kuwatembelea wenzao wa Mbale. Wakasaidia kuhamisha rundo la matofali karibu na mahali pa kutawadhia, na chini yake akatokea nyoka wa urefu wa mkono wa mtu, rangi ya udongo mwekundu, hana doa wala mstari. Alijikunja, akatoa sauti kama maji yaliyomwagika kwenye kikaango cha moto, kisha akafunua kinywa, na ndani ya kinywa ni weusi mtupu. Kijana wetu mmoja wa miaka 14 alikuwa tayari ameinua panga. Hatukumshangaa. Mjomba wake aliumwa na nyoka katika mashamba ya miwa na akafariki. Lakini mtoto mmoja wa pale Mbale akasimama mbele yake akisema, "Kaka, usimpige! Huyu tunamjua, anakula mayai ya kwera."

Tuliwarudisha watoto wote nyuma, tukamfunika nyoka kwa ndoo tukitumia fito ndefu, tukaweka jiwe juu, kisha tukamwita mwalimu mwenzetu anayefundisha bayolojia.

Kabla hajafika, ubishi ulikuwa mkubwa. Mwanafunzi mmoja ana binamu Marekani anayefuga nyoka wa mahindi, nyoka asiye na sumu wa kusini-mashariki mwa nchi ile. Wa porini ni wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu, lakini wafugaji wamezalisha rangi nyingi, hata weupe wenye macho mekundu, kwa kuchagua wazazi waliokosa rangi nyeusi au nyekundu mwilini. Kila rangi ina jina lake, na nyoka ni yule yule. Basi kijana akauliza, "Mwalimu, na huyu wetu rangi yake inaitwaje?"

Mwalimu wa bayolojia alifurahi kwa swali hilo. Alisema huyu ni nyoka mla mayai wa milimani. Aina hiyo moja huzaliwa katika rangi mbalimbali: kuna weusi, kuna wa kahawia, kuna wekundu kama huyu, na kuna wenye madoa. Kwa hiyo hakuanza na rangi. Alitazama magamba, akaona ni makavu yenye tuta katikati, ilhali nyoka wa nyumbani mla panya ana magamba laini yanayong'aa na mistari myeupe kichwani. Alitazama kichwa, akaona ni chembamba, hakikupanuka kuliko shingo. Ile sauti haikutoka kinywani, ilitoka kwenye magamba ya ubavuni yakisuguana. Na kinywa cheusi kile hakikuwa na meno ya sumu. Mla mayai humeza yai zima, mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni hulipasua, kisha hutema ganda. Tulimwachia yai moja la kware, na asubuhi tukakuta ganda limesinyaa kama karatasi iliyokunjwa.

Watu wengi husema nyoka mwenye mboni ya wima kama ya paka ndiye mwenye sumu. Mla mayai ana mboni ya wima, na hana sumu. Swila na koboko mboni zao ni za duara, na wanaua. Na yule nyoka wa mitini ambaye Makaburu walimwita boomslang, mara nyingi dume ni kijani na jike ni kahawia, watu wakadhani ni aina mbili. Wakati huo huo wapo nyoka wa kijani wa vichakani wasio na sumu, wanaouawa kila siku kwa sababu yake.

Na wala mtu asijivunie ujuzi. Mwezi Septemba 1957 bustani ya wanyama ya Chicago ilimpelekea Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, nyoka mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Alikuwa boomslang mchanga, lakini gamba moja la chini ya mkia halikufanana na yaliyotarajiwa, bingwa akasita. Akiwa amemshika, akaumwa. Hakutafuta matibabu, akaandika dalili zake saa baada ya saa, na siku ya pili akafariki. Ikiwa huyo alisita, sisi wenye simu na picha iliyotikisika tuwe na adabu.

Dini yetu nayo imetufundisha kupambanua. Katika Hadithi za Bukhari na Muslim imekuja amri ya kuua nyoka, na wametajwa kwa alama zao yule mwenye mistari miwili mgongoni na yule mwenye mkia mfupi. Kisha likaja katazo juu ya nyoka wakaao majumbani, na katika riwaya ya Muslim waonywe siku tatu. Wanazuoni wamekhitalifiana iwapo hukumu hiyo ni ya Madina tu au ni ya nyumba zote. Lakini sote twaona kwamba nyoka hawakuwekwa katika fungu moja.

Watoto walitaka kumfuga. Tuliwaeleza kwamba sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila kibali, na kwamba huyu hula mayai ya ndege tu, akikosa atakufa njaa kwenye ndoo. Mwalimu wa bayolojia alimrudisha porini, mbali na nyumba.

Yule kijana wa panga alituuliza, "Ustadh, na aliyemwuma mjomba alikuwa na rangi gani?" Tulimjibu kwamba hata tungeijua rangi, isingemsaidia mjomba. Mjomba alifungwa kamba mguuni, akawekewa jiwe la nyoka, akafikishwa hospitali siku ya pili. Saa zile ndizo zilizomwua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo wazazi, tunawausia haya:

1. Mtoto asimshike nyoka yeyote, hata akiambiwa hana sumu. Arudi nyuma, amwite mkubwa.
2. Matofali, kuni na takataka ziwe mbali na mlango, na usiku tutembee na tochi na viatu.
3. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba. Avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe, apelekwe hospitali saa ile ile.
4. Msimfukuze nyoka ili mpeleke maiti yake kwa daktari. Daktari hutibu kwa kutazama dalili. Picha ya mbali ikipatikana ni vizuri, isipopatikana msichelewe.

Tunamwomba Allah awahifadhi watoto wetu na kila chenye madhara, na atupe elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.