Nilipelekwa Izumo kuombea mume, nikarudi na jambo jingine

Wadau, nilipokuwa Japani kwa mafunzo ya kazi, dada mmoja wa Kijapani niliyesoma naye aliniambia, "Wewe hujaolewa, mimi sijaolewa. Twende Izumo." Nikacheka, lakini nikapanda treni.

Hekalu la Izumo Taisha liko mkoa wa Shimane, mbali na makelele ya Tokyo. Kule ni mashamba ya mpunga na milima. Jengo kuu lililopo sasa ni la mwaka 1744, kimo chake mita 24. Wanaamini Okuninushi, mungu wa pale, ndiye anayeunganisha watu. Na mwezi wa kumi wa kalenda yao ya zamani, miungu ya Japani nzima hukutana hapo kupanga nani aunganishwe na nani. Yaani kikao cha harusi kabisa!

Kwenye ukumbi wa pembeni inaning'inia kamba ya mabua ya mpunga, ndefu zaidi ya mita 13. Nene hiyo, mtu huwezi kuikumbatia ukaimaliza.

Mwenzangu akatupa sarafu ya yen 5, akainama mara mbili, akapiga makofi manne, akainama tena. Mahekalu mengi ni makofi mawili. Izumo ni manne. Mimi nimelelewa kanisani, nikasimama pembeni kwa heshima.

"Umeomba mume wa aina gani?" nikamtania.

"Nimeomba mama aanze kuongea na mimi tena."

Akanieleza kwamba neno lao "en" si la wapenzi tu. Ni uhusiano wowote: ndugu, rafiki, hata kazi. Yen 5 hutamkwa "go-en", sawasawa na neno hilo, ndiyo maana watu wanaitoa.

Jamani, nilinyamaza njia nzima. Mimi na dada yangu, tumbo moja, tulikuwa mwaka wa tatu hatuongei, kisa kiwanja alichoacha marehemu baba. Usiku ule nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Dada, shikamoo."

Asubuhi nikakuta jibu: "Marahaba. Huko unakula vizuri?"

Nikalia kama mtoto.

Kiwanja bado hatujakigusa, na mume bado sijampata. Ila salamu zinakwenda na kurudi. Wewe je, ni nani unamdai salamu, au yeye ndiye anakudai?