Mombasa Hadi Malindi: Kwani Mnakimbilia Wapi?

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 tu. Matatu huzimaliza kwa saa mbili hivi. Sisi tulitumia siku nzima, na hatujuti hata kidogo.

Si unajua ndoa za mjini? Kwa miezi kadhaa mimi na mume wangu tulikuwa tunaongea kodi, bili na nani atanunua gesi, basi. Jumamosi moja tukakubaliana: simu ndani ya mkoba, gari mwendo wa pole, na yeyote akisema "simama hapa", tunasimama.

Tulianzia Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, na msikiti wake uko pale pale ufukweni. Tulikaa kivulini bila kusema neno. Mwanzoni ukimya ule ulikuwa mzito, baadaye ukawa mtamu.

Mbele ni mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha Kilifi na daraja lake. Kabla halijafunguliwa mwaka 1991, watu walivuka hapa kwa feri. Siku hizi unavuka kwa dakika moja, na wengi hata hawayatazami maji. Sisi tuliegesha mbele kidogo, tukanunua korosho na madafu. Hapo ndipo mume wangu aliponiambia kwamba kazi yake inayumba tangu mwaka uanze.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku ulikuwa na haraka."

Sikuwa na jibu. Nilimpa dafu langu.

Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa kushoto kwetu hadi Gede, mji wa kale uliomezwa na miti, kima wakirukaruka juu ya kuta. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tulitembea humo tumeshikana mikono, tukipiga hesabu mpya za nyumbani, safari hii pamoja.

Jioni tulifika Malindi, kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko mwaka 1498.

Mkitaka kujaribu, ondokeni alfajiri kabla ya foleni ya Mtwapa. Bebeni maji na viatu vya kutembelea. Na kila mnaposimama, mmoja amuulize mwenzake swali lisilohusu bili.