Nilimsingizia mama wa mazutu

Kosa langu lilianza na kijikamba cha plastiki.

Gari langu ni Land Cruiser ya zamani, ya mazutu, yaani dizeli, na hapa Manono, Kongo, hubeba kila kitu: magunia ya mihogo, wagonjwa, mabati, wakreza, yaani wachimbaji wa madini, na sururu zao. Kifuniko cha tangi, ambacho sisi tunakiita bushoni, kilifungwa kwa kijikamba hicho ili kisipotee wakati wa kujaza. Mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, kijikamba kikakatika. Nilikiona kinaning'inia nikakiacha. Na hata mpira wa duara ulio ndani ya bushoni, ule unaobana mdomo wa tangi, ulikuwa umekauka na kupasuka tangu zamani. Huo nao niliuona.

Mwezi wa kumi nilijaza mazutu asubuhi, nikaweka bushoni juu ya bampa ya nyuma, nikaondoka. Tulipofika upande wa Kitotolo ndipo nikakumbuka. Nilirudi kuitafuta, vumbi jekundu likawa limeshaimeza. Nikachana kipande cha kitenge chekundu, nikakikunja, nikakizungushia mfuko wa plastiki na kukishindilia kwenye mdomo wa tangi. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu tu. Zikawa wiki tano, na mvua ikaanza kunyesha.

Siku ya safari ya Mitwaba nilikuwa na abiria 14. Nilinunua bidoni mbili kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake kando ya barabara. Wauzaji wa mafuta wa barabarani tunawaita Kadafi, kwa jina la yule aliyekuwa mkuu wa Libya, nchi ya mafuta. Mama huyu alikuwa Kadafi wangu wa miaka mingi, na hata siku nisizokuwa na pesa alinipa mazutu kwa deni.

Mvua ilitupiga njia nzima. Jioni injini ikaanza kukohoa, ikavuta kidogo, ikakata. Tulilala porini chini ya turubai. Abiria waliponiuliza kuna nini, sikwenda hata kuangalia. Nilisema: "Ni yule mama. Ametuuzia maji." Waliniamini mara moja, maana nani asiyejua habari za mazutu iliyochanganywa? Nami nilifurahi kuaminiwa. Kesho yake baadhi yao walipanda pikipiki wakarudi mjini, na maneno yangu yakafika Manono kabla yangu.

Lori lilinivuta hadi nyumbani. Kabla ya kwenda garaji nilikwenda kwenye meza ya mama yule, nikamfokea mbele ya watu. Hakunijibu kwa hasira. Alisema: "Papa, mu mazutu yangu hamuna mayi. Tuweke mu chupa, tungoje, utaona." Alikuwa na haki. Maji ni mazito kuliko mazutu. Ukiyaacha yatulie kwenye chupa nyeupe, yanashuka chini na mstari unaonekana. Mtu wa Manono hahitaji kufundishwa jambo hilo. Mji wetu umekula kwa kasiterite, mawe ya bati, tangu enzi za Wabelgiji wa kampuni ya Géomines, na mpaka leo kila mkreza anayeosha mchanga mtoni anajua kuwa kizito hubaki chini na chepesi huenda na maji. Lakini mimi sikutaka chupa, nilitaka pesa zangu. Akanihesabia noti ndogondogo, moja baada ya nyingine, huku watu wakitazama.

Garajini, mzee fundi alifungua skurubu iliyo chini ya filtri na kukinga kwa chupa ya kioo. Maji yalitoka kwanza, kisha tope jekundu, kisha mazutu. Aliitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga, akachovya kidole na kutoa uzi. Uzi mwekundu.

"Hii nyuzi inatoka wapi, mwana?"

Sikujibu. Alizunguka gari, akachomoa kile kitambaa, akakikamua. Maji yakatiririka mikononi mwake.

Alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza vijana wake. Mdomo wa tangi uko ubavuni mwa gari, na magurudumu yanaurushia tope na maji. Kadiri mazutu inavyopungua tangini, hewa huingia kuchukua nafasi yake; ikipita kwenye kitambaa kilicholowa, inavuta maji na vumbi pamoja nayo. Plastiki yangu ilikuwa imechanika siku nyingi. Tena pompu ya injini kama yangu haina oili yake peke yake: mazutu yenyewe ndiyo inayoilainisha. Maji yakiingia, vyuma vinasagana na kushika kutu. Vumbi likiingia, linavikwaruza. Pompu yangu ilibidi ipelekwe Lubumbashi. Pesa nilizolipa zingeninunulia bushoni za kujaza gunia.

Hata hapo sikuwa nimejifunza. Nilichukua bushoni ya gari jingine iliyokaza sana, nikaona nimemaliza kazi. Baada ya mwendo wa saa moja gari likaishiwa nguvu. Nilipoifungua, tangi likavuta hewa: fyuu! Mzee fundi akacheka. Bushoni ya gari kama langu ina tundu dogo lenye vali. Inazuia maji yasiingie lakini inaruhusu hewa. Ile niliyoweka ilikuwa imeziba kabisa, na tangi likikosa hewa, mazutu haishuki vizuri. Tangu hapo nanunua bushoni ya aina ya gari langu, naangalia mpira wake, napangusa mdomo wa tangi kabla ya kufungua, na gari likilegea njiani jambo la kwanza ni kulegeza bushoni nisikie kama tangi linavuta pumzi.

Hayo ya gari nilimaliza kuyatengeneza. Ya mama yule sikuyamaliza.

Nilikwenda kwake usiku, nikiwa na pesa zake na nyongeza juu. Nilimwambia yote: kitambaa, uzi, pompu. Alisikiliza, akazisukuma pesa kwangu. "Papa, ulinitukana muchana. Ukuje muchana."

Nilielewa vizuri kabisa alichotaka. Alitaka nisimame pale pale niliposimama kwanza, mbele ya wale wale, niseme kwa sauti ile ile. Niliahidi kwenda kesho yake. Kesho nikapata mzigo, keshokutwa nikapata sababu. Mtu mzima, mwenye gari, kusimama barabarani na kusema nilikosa: niliona aibu. Aibu hiyo nilimwachia yeye aibebe. Wateja wake walikuwa wameshahamia meza nyingine, na mwisho wa mwezi nilipojikaza na kwenda, nilikuta alama za miguu ya meza kwenye udongo. Meza yenyewe haikuwepo.

Sasa anauza unga wa mihogo sokoni. Nilimfuata huko, mchana, nikasema mbele ya wanunuzi wake niliyopaswa kusema. Alinisikiliza, akaniuliza kama ninataka unga. Lakini watu wa soko la unga si wale waliokuwa barabarani siku ile, wala si wale niliolala nao porini. Ndiyo maana naandika.

Ninyi abiria 14 wa safari ya Mitwaba, na ninyi mliosikia kutoka kwao: mazutu ya yule mama haikuwa na maji. Maji yaliingia kwa mdomo wa tangi langu, niliouziba kwa kitambaa. Mlipeleka maneno yangu haraka. Na haya yapelekeni vivyo hivyo.