Ndege wa mafunjo na bogonvilia

Tuko hapa Nakivale. Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tulitembea na darasa la tano mpaka kando ya ziwa, kutafuta vitu viwili vyekundu vya kulinganisha kwenye somo la sayansi.

Cha kwanza ni ndege. Wataalamu wanamwita Laniarius mufumbiri. Jina hilo linafanana na Mufumbiro, jina la zamani la milima ya Virunga, kwa hiyo mliotoka upande wa Rutshuru msishangae. Utosi wake ni wa manjano, mgongo mweusi, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva. Utamsikia kabla hujamwona: dume anaita, jike anaitika hapohapo, hata unadhani ni ndege mmoja. Yuko Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kenya, lakini kote huko anakaa kwenye mafunjo, basi. Ukimtafuta mlimani utachoka bure. Hapa jirani, hifadhi ya Ziwa Mburo inajulikana kwa ajili yake.

Cha pili ni bogonvilia, ile ya kupambia ofisi na makanisa. Asili yake ni Amerika ya Kusini; Wafaransa wa msafara wa Bougainville waliikuta Brazili mwaka 1767. Kata kijiti, chomeka, mwagilia, kinashika. Mvua ikitosha inabaki kijani mwaka mzima. Na ule wekundu si ua, jamani! Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati.

Mtoto mmoja akauliza: mwalimu, hapo mkimbizi ni yupi? Wengi wakajibu bogonvilia, maana inaota popote. Msichana mmoja akakataa kabisa. Alisema bogonvilia ilibebwa kwa sababu watu waliitaka. Tulinyamaza kidogo.

Kinachotusumbua siye ni mafunjo. Akina mama wanayakata kwa mikeka, na hatuwezi kuwalaumu, mkeka ndiyo chumvi na sabuni. Yakikatwa huota tena kutoka mizizini. Lakini bonde likichomwa na kulimwa, yule ndege hana pengine pa kuhamia. Tunaomba basi tukate kwa zamu, upande mmoja uachwe ukue, na moto usiwashwe kule.

Vijiti vya bogonvilia vipo shuleni. Njooni mchukue, ni bure.